Yusufu Alimwita Mtoto Wake Manase

SOMO LA MWEZI KWA WAZAZI NA WALEZI

Someni nyumbani kabla ya mkutano: Mwanzo 41:50-52, 42:21-24, 45:1-5, 48:1-10. Kisha Kumbukumbu la Torati 26:1-11.

 

Somo hili limetokana na karatasi za watoto. Walimu wetu wa shule ya Jumapili waliwapa watoto karatasi na kalamu za rangi, wakawaambia kila mmoja achore nyumbani kwa wazazi wake kule Kongo. Baadaye walituletea karatasi hizo, nasi tukazitandika juu ya meza na kuzitazama moja moja. Zaidi ya nusu zilikuwa na bunduki. Nyingi zilikuwa na nyumba inayowaka moto. Watoto watatu walirudisha karatasi nyeupe, wakasema hawajui. Mmoja tu, anayelelewa na bibi yake, alichora mwembe, mbuzi wanne na mtu mrefu mwenye fimbo. Mwalimu alipomuuliza, akajibu, "Huyu ni babu. Alikuwa akiongea na mbuzi wake kama watu, na mbuzi walikuwa wanasikia."

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Makazi haya ya Lobule yalifunguliwa mwaka 2013. Watoto wale karibu wote wamezaliwa hapa hapa. Hawajawahi kuona vita ya Kongo, wala hawajawahi kuiona Kongo yenyewe, ingawa mpaka hauko mbali. Basi zile bunduki walizozichora walizitoa wapi? Walizitoa kwetu. Na yule mzee wa mbuzi, mtoto alimpata kwa bibi.

Namna tulivyozoea kusimulia

Tangu tulipovuka tumehojiwa mara nyingi. Ulitoka wapi? Lini? Kwa sababu gani? Nani aliuawa? Ulikuwa na watoto wangapi, na sasa wangapi? Hatuyalaumu maswali hayo. Mlango wa hifadhi una mlinzi wake, naye ana haki ya kuuliza. Lakini mtu akiulizwa maisha yake kwa namna moja tu, mwaka baada ya mwaka, mwishowe anajua kuyasimulia kwa namna hiyo moja. Akisimama kanisani kutoa ushuhuda anasema yale yale. Mgeni akija, anasema yale yale. Na tangu mwaka 2020 mgao wa chakula ulipoanza kupunguzwa, tena si mara moja, wengi wetu tumeona kwamba anayelia vizuri ndiye anayesikilizwa. Tunasema hivyo bila kumsuta mtu, maana sisi wenyewe tumo.

Hakuna fomu inayouliza mama yako alikuwa akiimba wimbo gani akitwanga, wala ni nani aliyekufundisha kuomba kabla ya kula, wala mlicheza mchezo gani mwezi ukiwa mpevu. Kwa sababu hakuna anayeuliza, tumeacha kusema. Mambo hayo yanakaa moyoni mwa wazee, na wazee tunawazika.

Habari za Yusufu

Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa habari za Yusufu kama mfano wa msamaha na wa uongozi, na hiyo ni kweli. Lakini tuliposoma tena tukiwa wakimbizi tuliona jambo ambalo hatukuliona darasani. Yusufu alitolewa kwao kwa nguvu akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Akafika nchi ya watu wengine, akajifunza lugha yao, akapewa jina jipya, akaoa huko huko. Akapata mtoto wa kwanza, akamwita Manase, akieleza kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba yote ya baba yake (41:51). Mtoto wa pili alimwita Efraimu, kwa kuwa Mungu amempa uzazi katika nchi ya mateso yake.

Hapa West Nile tunaelewa mambo haya vizuri. Majirani zetu Walugbara humpa mtoto jina linalobeba hali ya nyumba siku aliyozaliwa. Candiru anabeba taabu, Ayikoru anabeba furaha. Mtoto anatembea na habari ya wazazi wake juu ya kichwa kama jerikeni, hata kama hajui ndani mna nini.

Je, Yusufu alisahau kweli? Hebu tufuate. Ndugu zake walipokuja kununua nafaka, aliwatambua mara moja, naye akajifanya mgeni na kusema nao kwa mkalimani. Waliposimuliana habari ya kosa lao kwa lugha ya nyumbani, wakidhani hasikii, aligeuka akalia (42:23-24). Mkalimani wa kazi gani, ikiwa lugha ya mama yake ilikuwa bado inamtoa machozi? Tena ndugu zake wanamwambia Yakobo kwamba yule mtu aliwauliza sana habari za jamaa yao, kama baba yao angali hai, kama wana ndugu mwingine (43:7). Hayo si maswali ya mtu aliyesahau. Alikuwa amempa mtoto jina la kusahau, lakini yeye mwenyewe alikuwa amebeba nyumba ya baba yake yote, mpaka alipokaribia kufa akawaapisha watu waichukue mifupa yake (50:25).

Wazazi wengi katika makazi yetu ni kama Yusufu wa sura ya 41. Wanasema, "Yale yamepita, watoto waanze upya." Tunawaelewa. Lakini mtoto anamwona baba akiamka usiku na kukaa nje peke yake. Anamwona mama akinyamaza wimbo fulani ukiimbwa. Anajua kuna kitu, na akikosa mtu wa kumwambia, atakipata kisimani, kwa vijana wakubwa, au kwenye simu ya mtu. Huko hakuna anayemwambia habari ya babu aliyeongea na mbuzi. Huko anaambiwa kabila fulani ndilo lililotuharibia. Juni 2018, kule Rhino Camp, ugomvi wa vijana waliokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia uligeuka kuwa vita ya makabila mawili ya Sudan Kusini, na watu wakafa, hapa katika nchi ya amani. Mpira ulikuwa ni kiberiti tu. Kuni zilikuwa zimeletwa kutoka mbali.

Kosa letu

Hapa ni lazima tuungame. Miaka michache iliyopita tulialikwa kuhubiri katika kanisa moja huko Arua, palipokuwa na wageni kutoka mbali. Tulisimulia habari za kaka yetu, jinsi watu wenye silaha walivyomchukua usiku karibu na Aba, asirudi tena. Tulisimulia kwa nguvu. Watu walilia, na sadaka ya siku ile ilikuwa kubwa. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa ameketi benchi la tatu.

Katika gari la kurudi Koboko hakusema neno mpaka tulipokuwa tumekwisha kuipita Maracha. Ndipo akasema polepole, "Baba, wale watu hatukuwa tukiwajua. Kwa nini umewaambia wao kabla yetu?"

Hatukuwa na jibu. Mama Mchungaji alitazama dirishani. Usiku ule, baada ya chakula, tuliwaita watoto wote watano, tukaanza upya. Safari hii hatukuanza na usiku wa bunduki. Tulianza na kaka mwenyewe: kwamba alijua kupiga mluzi kama ndege, kwamba alitubeba mgongoni kuvuka mto wakati wa mvua, kwamba alikuwa akitoroka ibada ya jioni na bibi alimfuata na ufagio, kwamba siku moja alitupa viatu vyake akasema vinambana, kumbe havikumbana. Ndipo tukasema na habari ya kuchukuliwa kwake, kwa maneno machache. Mtoto wetu wa mwisho akauliza aliitwa nani. Tulipomtajia jina, alishangaa, kwa kuwa ndilo jina lake yeye. Tulimpa jina la baba yake mdogo siku ya kuzaliwa, tukakaa miaka tisa bila kumwambia lilitoka wapi. Sisi wachungaji!

Waliotangulia kukimbia

Kuna jambo jingine tunalowanyima watoto tukinyamaza. Sisi tuliozaliwa upande wa Aba na Ingbokolo tulipokuwa wadogo, katika miaka ya 1980, tuliona wakimbizi kabla ya kuwa wakimbizi. Walitoka wapi? Walitoka hapa. Serikali ya Idi Amin ilianguka Aprili 1979. Oktoba 1980 vita ikarudi West Nile, Koboko na Arua zikachomwa na kuporwa, na wananchi wasio na hatia wakalipizwa kisasi. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa pale pale walipotafuta salama. Watu wa wilaya hizi walivuka kwenda Zaire na Sudan kwa wingi mno, wakakaa miaka.

Tunakumbuka familia moja ya Koboko iliyolima kando ya shamba la baba yetu. Baba aliwapa kipande cha ardhi na mbegu za muhogo. Mwanzoni sisi watoto tuliwacheka kwa sababu walitamka Kikakwa tofauti kidogo na sisi. Mama alitupiga kwa sababu ya kicheko hicho, nasi tunamshukuru mpaka leo. Walipoondoka kurudi kwao, mama yao aliacha chungu chake kizuri nyumbani kwetu, akasema siku moja tutakifuata.

Hatujui alipo mama yule. Lakini wazee wengi wa Koboko walikula muhogo wa Kongo, na wapo watu wazima hapa, wenye umri kama wetu, waliozaliwa Zaire katika vibanda vya wakimbizi. Watoto wetu wakigombana na watoto wa wenyeji penye kuni au penye kisima, hawajui hayo. Wenyewe wa hapa pia wengi hawajui, maana wazazi wao nao walinyamaza. Hata mpaka huu wenyewe ni mtoto. Nchi hii ya West Nile ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha mwaka 1910 ikawa ya Sudan, na mwaka 1914 ikawa ya Uganda. Bibi wa bibi zetu aliweza kukaa kwenye kiwanja kimoja akatawaliwa na serikali tatu, bila kuhamisha jiko lake.

Tutoe mfano mmoja wa kumbukumbu iliyofanya kazi. Mwaka jana kulikuwa na maneno makali juu ya kichuguu kilicho mpakani mwa shamba la mwenyeji mmoja na viwanja vyetu. Kumbikumbi walipotoka, vijana wetu walikwenda usiku na mienge, wakajaza ndoo. Mwenye shamba alikasirika sana, na vijana wakasema, "Wadudu ni wa Mungu." Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu alipokwenda kuketi na mwenye shamba, akamsimulia utoto wake: jinsi kila kichuguu kwao kilivyokuwa na mwenyewe, jinsi baba yake alivyomchapa kwa kuwasha moto kwenye kichuguu cha jirani, jinsi walivyochimba shimo na kungoja mvua iishe. Mwenye shamba akacheka, kwa sababu utoto wake ulikuwa huo huo. Wakakubaliana nusu kwa nusu. Vijana wetu hawakuwa wabaya, hawakuwa wamefundishwa tu kwamba kichuguu kina mwenyewe. Kwetu ilikuwa sheria, lakini sheria ilibaki Kongo pamoja na wazee.

Namna ya kusimulia

Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mwisraeli anaagizwa alete kikapu cha malimbuko mbele za Bwana na aseme habari ya baba yake aliyekuwa mtangatangaji, akashuka Misri akiwa na watu wachache. Angalieni: anasema habari ya taabu akiwa ameshika mavuno mkononi. Na mstari wa 11 unamwambia afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Hapo pana chakula, na pana msikilizaji. Kwa hiyo tunashauri mazungumzo haya yafanyike wakati wa kumenya karanga, au kupukuchua mahindi, au kuchambua sombe. Mikono ikiwa na kazi, ulimi unalegea. Mtu akiitwa kukaa kwenye kiti na kuambiwa "sasa simulia utoto wako", atarudi kwenye majibu ya fomu.

Tusichague mazuri tu. Zaburi ya 78 inasema baba wawasimulie watoto matendo ya Mungu, kisha Zaburi yenyewe inakwenda mbele na kutaja ukaidi wa hao baba, mstari baada ya mstari, bila kuwaficha. Mwanamume aliyekunywa mpaka akauza baiskeli ya nyumbani, na Bwana akamwokoa, awaambie watoto wake. Na kama watu wetu waliwatenda vibaya jirani zetu, tuseme hivyo pia. Hilo ni gumu kuliko yote. Wengi mnaosoma hapa mlitoka Ituri, nanyi mnajua tunasema nini.

Lakini si kila neno ni la kila sikio. Yusufu alipotaka kujitambulisha, kwanza aliwatoa Wamisri wote nje (45:1), ndipo akawaambia ndugu zake wazi kwamba walimwuza. Alisema kosa kwa jina lake, lakini ndani ya nyumba, kwa wenye habari. Basi yasemwe haya kwa wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya: mama aliyetendewa jeuri njiani asilazimishwe kusimama mbele ya watu atoe ushuhuda, hata kama wageni wameomba, hata kama tunadhani utamtia nguvu. Akitaka kusema, atachagua mtu na mahali. Akinyamaza mpaka Bwana arudi, hajatenda dhambi. Wala mtu asisimulie habari ya mwenzake, hata ya mke wake, bila ruhusa yake. Na mtoto mdogo apewe kipimo cha mtoto, kama tunavyompa uji kabla ya muhogo.

Wako pia watoto wanaolelewa na wasiowazaa, nao ni wengi kwetu. Walezi huogopa swali la "mama yangu yuko wapi?" Tazameni Mwanzo 48. Yusufu anawaleta Manase na Efraimu kwa babu yao Yakobo, mgonjwa, macho yamefifia. Wakati huo ni vijana wa miaka kama ishirini, maana walizaliwa kabla ya njaa, na Yakobo alikaa Misri miaka kumi na saba. Yakobo anawafanya kuwa wake, kisha katikati ya maneno ya urithi anaingiza habari moja ambayo hakuna aliyemwomba: kwamba Raheli alimfia njiani, bado mwendo kidogo kufika Efrathi, naye akamzika pale pale njiani (48:7). Wafafanuzi wengine wanaona mstari huo kama umepotea njia. Sisi tuliozika njiani tunaona uko mahali pake. Mzee anataka wajukuu wajue kwamba bibi yao alikuwako, na kaburi lake liko upande gani wa barabara.

Kwa mikutano ya nyumbani mwezi huu

Jumuiya zote zikutane Alhamisi saa kumi jioni, kila moja kwa kiongozi wake. Ndugu wa Arua watakutana baada ya ibada ya Kiswahili ya Jumapili, chini ya mwembe. Kila familia ije na watoto wenye miaka saba na kuendelea, pamoja na karanga au mahindi ya kumenya. Hatutapiga picha wala kuandika majina. Lugha ni yoyote: Kikakwa, Kibangala, Kiswahili chetu cha Bunia, Kilugbara. Mwenye haya ya Kiswahili chake asiogope, hakuna mtihani.

Maswali ya kuanzia ni haya. Nani alikupa jina lako, na kwa nini? Ni mti gani uliokuwa karibu na mlango wa nyumba yenu? Ni mtu gani wa kwanza uliyemwona akiomba peke yake, bila kujua kwamba unamwona? (Paulo alijua imani ya Timotheo ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi, 2 Timotheo 1:5.) Ni kosa gani la utotoni uliloadhibiwa, nawe leo unakubali ulistahili? Jirani wa kabila jingine alikufanyia wema gani?

Mwisho wa mwezi walimu wa shule ya Jumapili watawapa watoto karatasi tena, na kazi ile ile. Wazazi waliobaki na vipande vya kalamu za rangi nyumbani wanaombwa wavirudishe kwa walimu, hasa kijani na kahawia. Nyekundu zipo nyingi.